Tuliomba Mlango

Aliyenivunja mkono ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu wakisimulia habari zangu husema "yule mama alipata matatizo." Sikupata matatizo. Nilipigwa kwa mpini wa jembe, saa tatu asubuhi, katikati ya migomba yangu mwenyewe, na mtu aliyekula mtori wangu miaka kumi na minne.

Mume wangu alikuwa na miezi mitano kaburini. Shemeji akaja kusema kihamba kile, shamba la ukoo lenye nyumba yetu, kahawa yetu na kaburi lenyewe, sasa ni chake, maana mimi nilizaa wasichana watatu na hakuna wa kurithi. Nikamjibu kwamba wasichana nao wanakula. Pigo la kwanza lilitua kwenye sikio la kushoto, na sikio hilo halijasikia kitu mpaka leo. La pili nililikinga kwa mkono. Nilipoanguka akanikamata kwa kitenge, akaniburuta hadi kwenye mfereji, akanizamisha kichwa. Maji yale yanatoka juu mlimani, baridi yake inauma mpaka kwenye fizi. Akaniinua. "Unatoka hutoki?" Nikamtemea mate. Akanirudisha.

Ng'ambo ya mfereji majirani walikuwa wanachuma kahawa. Kila nilipoinuliwa niliziona ndoo zao. Hakuna hata mmoja aliyeiweka ndoo yake chini.

Aliyenitoa ni mke wake. Alikuja mbio akamshika mume wake kiunoni, anapiga kelele, "Utamuua, baba! Utamuua halafu watoto wako wataishi wapi?" Akapigwa yeye. Mimi nikapata nafasi ya kutambaa. Sikugeuka nyuma kumtazama, na hilo silisahau.

Nilikwenda kwa bibi mmoja mjane, mtu wa sabini na kitu, mwenye nyumba ya vyumba viwili mwishoni mwa kijiji, upande wa kushukia mjini. Bibi yule alichinja kuku, akanifunga mkono kwa mabanzi ya mgomba mpaka nilipofika hospitali. Mkono ulipona umepinda, unaweza kubeba ndoo lakini hauwezi kusuka nywele za mtoto.

Baada yangu akaja mwingine, akaja mwingine. Tulikuwa kikundi cha akina mama kumi na mmoja tuliokuwa tukilima mahindi pamoja kule chini tambarare, kikundi kimesajiliwa, kina katiba yake ya kurasa nne. Tukakubaliana kwamba nyumba ya bibi iwe mahali pa kulala anayekimbizwa. Hatukuwa na kitu zaidi ya mikeka, sufuria mbili na mlango wa mbao.

Ule mlango ulivunjwa mchana kweupe. Alikuja mama mmoja muuza ndizi kutoka Soweto, mtaa wa pale mjini, taya limetoka mahali pake, anaongea kama mtu mwenye pamba mdomoni. Mume wake ni dereva wa lori la mchanga. Siku ya tatu dereva huyo alipanda mpaka kwetu na panga. Alikata mlango kama anakata mkungu, vipande vitatu, akaingia. Bibi alisimama mbele yake na fimbo yake. Lilipoinuliwa panga, bibi akalidaka. Alilidaka kwa mkono, kama mtu anayedaka mpira. Vidole viwili vilibaki sakafuni. Dereva alipoviona alitapika hapo hapo, akakimbia na panga lake, na mama wa Soweto akabaki mzima chini ya kitanda. Kituo cha polisi tulipewa fomu ya matibabu, tukaambiwa mengine tumalizane nyumbani.

Bibi hakulia. Alisema tu, "Nitafutieni mlango, wanangu. Sina vidole vingi."

Mlango wenyewe tuliutaka wa chuma, na ukuta wa kuushika, maana ule wa udongo ungeng'oka nao. Katekista ndiye aliyetuambia kuna mfuko wa jamii pale mjini, unatoa ruzuku kwa vikundi. Nikaandika barua. Mimi nimeishia darasa la tano, lakini barua za michango naziandika vizuri, za harusi, za kipaimara, za msiba. Nikaandika kama ninavyojua: Tumsifu Yesu Kristo, salamu nyingi kwa wakubwa wote, sisi wanyonge wenu tunaomba chochote mtakachojaliwa, Mungu awazidishie. Kurasa mbili. Nikaipeleka mwenyewe.

Ofisi ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliyenipokea ni binti mdogo, umri wa mwanangu wa pili, kucha zimepakwa rangi ya zambarau. "Shikamoo mama." Akasoma barua yote, pole pole, akacheka na kujiziba mdomo.

"Mama, nikipata mchumba nakuja uniandikie barua za kamati. Hii ingemtoa pesa hata bahili. Lakini hapa hatujui 'chochote' ni kitu gani. Unataka nini?"

"Mlango."

"Mlango wa nini?"

Kwetu huendi kwa mtu ukasema nataka hiki na kwa sababu hii. Ni utovu wa adabu. Unaomba, na mwenye kutoa ndiye anayepima.

Binti akaniletea chai akanifundisha. Fedha za mfuko, alisema, ni za watu wa hapa hapa: wenye maduka, wakulima wa kahawa, na wale wa Dar wanaorudi Desemba kula Krismasi. Kamati ya hao hao ndiyo inayosoma maombi, tena wanasoma mengi, kwa hiyo aombaye aseme wazi. Wanataka cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa kikao ambacho wanachama wote walikubali kuomba, akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji. Halafu fomu yao yenye maswali: tatizo ni nini, nani anaumia, mtafanya nini, mtajuaje kama mmefaulu, na ninyi wenyewe mtachangia nini. Hilo la mwisho nililipenda. Mawe tunaweza kubeba. Kesho yake tulianza kuyatoa korongoni, kumi na mmoja tumepanga mstari, bibi anahesabu kwa mkono mzima.

Fomu niliijaza, nikairudisha. Binti akasoma. Kwenye tatizo nilikuwa nimeandika "changamoto za kifamilia."

"Mama," akasema, na safari hii hakucheka, "vidole vya bibi ni changamoto?"

Nilirudi nyumbani na fomu mpya. Niliandika: Mimi nilivunjwa mkono na shemeji yangu, mwenyekiti wa kitongoji hiki. Bibi amekatwa vidole na dereva wa lori la mchanga, mume wa mwenzetu. Wengine wanne walilala hapa mwaka huu, mmoja mjamzito, mimba ilitoka kwa mateke ya mume wake, fundi seremala. Tunaomba mlango wa chuma na ukuta wa mawe. Tutajua tumefaulu siku mtu mwenye panga atakapofika akashindwa kuingia. Nikasaini.

Zilibaki siku tisa kabla ya kufungwa maombi. Na barua ya utambulisho, ndugu yangu, mtendaji wa kijiji haigongi muhuri mpaka mwenyekiti wa kitongoji aweke sahihi yake kwanza. Mwenyekiti wetu nimeshamtaja.

Nilikwenda kwake. Alikuwa anakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, uani na wazee wawili wa ukoo. Akaniacha nimesimama.

"Shemeji, unataka sahihi yangu, na mimi nasikia unaniandika mjini kama mwizi."

"Mwizi sijaandika."

"Umeandika nini?"

"Mpini."

Wazee wakatazama vibuyu vyao. Yeye akainuka akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. Sikio lililo zima lilianza kuvuma. Lakini hakupiga. Alicheka.

Siku iliyofuata wazee wale walikuja kwa bibi na jani la sale. Sale ni mmea tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba na makaburini. Aliyekukosea akikuletea jani lake limefungwa fundo, unalipokea na kesi imekwisha, hutaitaja tena mahali popote. Ukilikataa, kosa linakugeukia wewe, na watoto wako, na mifugo yako. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, Wakatoliki na Walutheri sote sawa, na padri hajawahi kutuambia tuache.

"Pokea, mama," mzee mmoja akasema. "Na sahihi utapata leo leo. Ila yale maandishi uyafute."

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyekiti ana kazi nyingi."

Kina mama walinitazama. Mawe yalikuwa yamejaa uani. Mlangoni tulikuwa tumening'iniza gunia. Mama wa Soweto alikuwa anakunywa uji kwa mrija, na kila tawi lilipoanguka nje alikuwa anajificha. Nililipokea jani. Nililipokea kwa ule mkono aliouvunja, wazee wauone ulivyopinda. Najilaumu mpaka leo, na ningelipokea tena.

Sahihi ikatoka, muhuri ukagongwa. Maandishi sikuyafuta. Baadaye ng'ombe wangu alipokufa, kijiji kizima kilisema ni sale. Ng'ombe yule alikufa kwa kula mfuko wa nailoni, tulimpasua tukauona. Lakini waambie basi.

Wakaja watu watatu wa kamati kukagua, binti wa kucha akiwa pamoja nao. Mmoja wao, mzee mwenye kofia, alipita juu ya mawe, akashika lile gunia mlangoni, akaliinua, akaliachia. Bibi akampa mkono wa salamu, ule wenye vidole vitatu. Mzee akaushika muda mrefu, akasahau kuachia. Baada ya wiki sita tuliitwa mjini kutia sahihi mkataba, na fundi akaanza ukuta.

Mlango uliwekwa Jumatano. Wa chuma, komeo mbili kwa ndani. Tuliupaka rangi ya bluu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani.

Wa kwanza kuukimbilia alikuwa mke wa shemeji yangu.

Alifika Jumapili baada ya misa, hana kiatu, kitenge cha kanisani kimeloa damu kutoka kichwani. Alikuwa amemuuliza mume wake kwa nini amemuuza fahali bila kumwambia. Alisimama mbele yangu akaogopa kuingia. "Dada, utanipokea?" Yeye ndiye aliyenitoa mferejini. Nikamvuta ndani nikaweka komeo zote mbili.

Shemeji alifika muda si mrefu. Kwanza aliita kwa upole. Halafu alitukana, mimi, bibi, marehemu kaka yake, mama yake mwenyewe. Halafu alichukua mawe yale yale yaliyobaki uani, mawe tuliyoyabeba sisi, akaanza kuyarusha. Ndani ilikuwa kama kukaa kwenye kengele. Bibi alikuwa ameketi kitini anahesabu: "Tisa. Kumi. Huyu kijana ana nguvu. Kumi na moja." Mwenyekiti alipiga mlango mpaka mkono wake mwenyewe ukapasuka, tuliiona damu yake kesho yake kwenye rangi ya bluu. Mlango ulibonyea mahali pawili. Haukufunguka.

Jioni akarudi kimya. Tukasikia kitu kinakwaruza chini. Jani la sale, limefungwa fundo, likaingia kwa ule upenyo mdogo kati ya chuma na sakafu, likasimama nusu ndani, nusu nje.

"Mama watoto," akasema. "Lichukue, twende nyumbani."

Mke wake alilitazama. Mimi nilikuwa na maneno mengi mdomoni nikayameza, maana nililipokea langu, nimshauri nini mwenzangu? Alikaa sakafuni, bandeji kichwani, mkono umbali wa shibiri moja kutoka kwenye jani. Alikaa hivyo mpaka tukasikia nyayo za mume wake zinaondoka. Kisha akaomba ufagio. Akafagia chumba chote, kuanzia pembeni, taratibu kama mtu aliye kwake, na takataka alipozifikisha mlangoni aliling'oa jani kwa ufagio, akalichanganya na vumbi na maganda ya ndizi, akalibeba lote kwenye kizoleo akalitupa jikoni motoni.

Mwezi uliopita tulitakiwa kupeleka ripoti kwenye mfuko. Fomu inauliza: ruzuku imeleta mabadiliko gani, toeni mfano mmoja. Nilikaa na kalamu, nikamwambia mke wa shemeji kwamba nitaandika "mama mmoja wa kijijini," nisimtie aibu. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Aibu ya nani?" akasema. "Andika mwenyekiti wa kitongoji. Andika ni mume wangu. Na uandike mawe ni kumi na saba, bibi alihesabu."

Nikaandika kumi na saba.