Meza Isitikisike

Maabarani tunamwita Dada Utumbo, naye huitika. Shangazi zetu wote wanajua tangawizi inatuliza tumbo. Yeye anataka kujua inapitia mlango gani. Basi hubana kipande cha utumbo wa panya, chembamba kama ganda la kitunguu, katikati ya vijichumba viwili vya maji ya chumvi, akatia tone la dawa aliyoikamua kwenye tangawizi. Chumvi ikivuka ule utumbo, umeme kidogo hutembea, na mstari kwenye skrini hupanda. Utumbo anaubembeleza kama mkwe: "Karibu baba, maji yana joto, jisikie nyumbani." Sisi watu hatubembelezwi. Ukiegemea meza tu, mstari unaruka, naye anakuuma kwa sauti ya chini: "We kaka, hiyo nyonga yako haimo kwenye utafiti."

Jana mkuu wa maabara alisema mstari usipopanda, mashine hii wanapewa wengine. Dada akadondosha tone. Mstari ukalala kama mgeni aliyeshiba. "Amka basi, baba, unaniaibisha," akanong'ona. Ukaanza kupanda, polepole, bila mtu kugusa meza. Nikasubiri vigelegele. Wapi! Akiruka, anaharibu kipimo. Akasimama wima kama mlingoti, mikono nyuma, uso mkavu kama wa karani wa mahakama. Ila chini, kwenye kandambili alizokatazwa na mkuu, vidole vyote kumi vilikuwa vinacheza harusi.