Mudogo Wangu Anaishi kwa Poker, na Mi Njo Nilimuharibia Ndoa

Admin, tafazali funika jina yangu, maana watu wa Bunia tunajuana, na mutu mwenye ninataka kuongelea anasomaka huu ukurasa kila siku.

Niko mwanamuke wa miaka 38. Niko na bwana na watoto wane, tunaishi mutaa wa Shari. Ninafundisha hesabu mu sekondari, mwaka wa kumi na tano sasa. Mambo yangu inahusu mudogo wangu wa tumbo moja. Nitamuita Debora, hata kama si jina yake. Iko na miaka 29.

Debora alikuwaka anafanya kazi mu labo ya hospitali moja. Koti nyeupe, kuangalia damu ya watu, kazi ya heshima. Ku kanisa Mama alipendaka kusema, "Mutoto yangu wa labo." Mi mwalimu hakunitaja, lakini hiyo nilikuwa nimezoea.

Ile wakati usalama ilikuwa mbaya na watu wanajifungia mu nyumba, Debora alikuya kukaa kwetu. Mi njo nilitoa karata mu kabati na kumufundisha poker, ile nilijifunza na wenzangu wakati nilikuwa nasoma chuo Kisangani. Tulicheza na maharagi. Nilimuonyesha ginsi ya kuhesabu bahati: karata gani imebakia, ngapi inaweza kukusaidia, wakati gani ya kuacha. Nilikuwa namushinda kila siku. Alikuwa anacheka, ananiita yaya, ginsi tunaitaka dada mukubwa: "Yaya, weye uko muchawi."

Usalama iliporudi, mi nilirudia chaki yangu. Yeye aliendelea, kwanza mu telefone, nyuma akaanza kwenda Kampala siku za likizo, kucheza mu mashindano za hoteli. Siku moja saa ya chakula alifika kwangu, akakaa, hata maji hakunywa.

"Yaya, nimeacha kazi. Leo nimetoa barua."

"Barua gani?"

"Ya kuacha labo. Nitakuwa nacheza tu poker. Njo kazi yangu."

Nikamuambia iko na wazimu. Akanishika mukono. "Basi kuya na mi. Weye njo unanipita. Mashindano moja tu, wakati wa likizo."

Ndugu zangu, niwaambie ukweli. Nilitaka kusema ndiyo. Nikafikiri bwana yangu, nikafikiri wamama wa kanisa, na nikajibu, "Mi niko mutu wa Mungu." Ile jibu inanikula mpaka leo.

Jamaa ikakutana. Baba mukubwa akapiga kelele, Mama akalia. Lakini mi njo niliongea mukali kuliko wote. Nikasema karata ni mambo ya shetani, haiwezi kuingia mu familia yetu. Debora angeweza kuwaambia nani alimufundisha. Hakusema. Hata hiyo ilinikasirisha.

Miaka mbili imepita na hajaanguka kama tulivyosema. Anaenda Kampala, anaenda Nairobi. Kuna siku anashindwa, anarudia kimya, anajifungia mu chumba na kuandika makosa yake mu daftari kama mwanafunzi. Kuna siku anashinda. Amejengea Mama nyumba. Sasa Mama njo anaonyesha watu picha mu telefone: Debora amekaa ku meza, wanaume tu njo wamemuzunguka, anatabasamu. "Ona mutoto yangu, anawapiga wote!" Mi nikiona ile picha, siangalii uso yake. Ninaangalia kile kiti. Na mu darasa, siku ya kufundisha somo ya kuhesabu bahati, mifano ya karata ninairuka.

Nyuma ya hayo akapata muchumba, kijana mupole, anafanya kazi Epulu, mambo ya kulinda wanyama wa pori. Yeye anajua kazi ya Debora na haimusumbui. Lakini familia yake iko Mahagi, na walikuwa wanajua tu mambo ya labo. Kijana alisema atawaambia polepole. Familia zilikuwa zimesikilizana juu ya ng'ombe za mahari, siku imepangwa. Debora akaniletea kitambaa cha arusi nikione, anaimba. Kazi anayoipenda, bwana muzuri, Mama. Vyote kwake.

Nilinunua namba mupya ya telefone, nikapigia shangazi ya ule kijana. Nikamuambia huyu binti hafanyi kazi hospitali, anacheza karata na wanaume mu hoteli. Hiyo ni kweli. Halafu nikaongeza kwamba analala nao. Hiyo nilitunga mi mwenyewe.

Wakasimamisha mahari. Debora akakuya kulia ku mapaja yangu. "Yaya, nani ananichukia hivi?" Nikamupangusa machozi. Nikamuambia, "Watu wa huku iko na wivu."

Sasa kule Mahagi wanaomba mwanamuke mukubwa wa familia yetu aende kueleza tabia ya Debora, na Debora amenichagua mi. "Weye njo watakuamini, yaya. Uko mwalimu, uko mama wa kanisa." Tunasafiri wiki inayokuya. Nikifungua kinywa, pengine ule shangazi atajua sauti yangu. Nikikataa kwenda, Debora ataniuliza sababu, na yule mutu anakula kwa kusoma uso ya watu.

Nimefikiri kumuambia yote kabla ya safari. Nimefikiri kujifanya mugonjwa. Nimefikiri kwenda tu, nimutetee na nguvu yangu yote, hata nikiumbuka.

Lakini kwa sababu hamunijui, niwaambie na ile imebakia. Jana alikuwa ananipigia pasi nguo ya safari, ananiambia aksanti, aksanti yaya, na mi mu roho nilijikuta naomba Mungu wale watu wakatae.

Siye tumenyonya titi moja. Munitukane kama munataka, lakini mukimaliza munishauri: nimuambie, ao niende Mahagi na hii roho? Nifanye nini?