Fundi wa Nyuma ya Minyaa

Msisikie mume wangu Masele anasifiwa Ngokolo nzima mkadhani nimeolewa na mtakatifu. Mwulizeni anayempikia!

Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa kupalilia pamba, yeye kutwa amelala chini ya magari ya watu, mimi niko shambani peke yangu, mwanangu Melania mgongoni, jembe mkononi. Magugu yakanishinda. Habari zikamfikia mama yangu kule Masumbwe. Hakutuma mtu, alikuja mwenyewe.

"Funga vyombo vyako," akasema. "Mwanamume asiyelima, mke wa nini?"

Nikafunga. Kusema kweli sikutaka kwenda. Nilitaka tu Masele anibembeleze, walau kidogo. Lakini angepitia wapi? Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Siku mbili zote mama alipokuwa nyumbani, mume wangu alijibanza nyuma ya ua wa minyaa kama mwizi wa kuku.

Asubuhi ya tatu dereva Valerian akaja kutuchukua na lori la tajiri wake, nyuma limejaa abiria na magunia. Akalizima, akapakia sanduku langu, mama na mimi tukaketi mbele. Akabonyeza stata. Ka! Kisha kimya. Akatia hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, akaning'inia nayo mpaka shati likapasuka. Haikugeuka.

"Injini imekufa!" akalia. "Tajiri atanifukuza kazi!"

Abiria wakacheka. "Si fundi huyo hapo nyuma ya ua?"

Fundi yupo, ndiyo, ila atasogeaje na mama mkwe kaketi mbele? Mama naye akajifunika kanga usoni, hashuki ng'o. Mara sauti ikatoka kwenye minyaa.

"Valerian! Washa taa. Zinang'aa?"

"Zinang'aa."

"Bonyeza stata. Sasa je?"

"Zinafifia!" wakajibu abiria wachache walioshuka wakasimama mbele ya lori.

"Basi betri ina nguvu, na umeme unafika kwenye stata. Jana injini ilichemka? Oili ipo?"

"Haikuchemka. Oili imejaa."

"Injini yako nzima kabisa. Meno ya stata yameng'ang'ania gurudumu la injini, hayataki kuachia, ndiyo maana hata hendeli haigeuki. Shusha watu wote na mizigo yote, tia gia ya juu, lisukumeni lirudi nyuma. Mwambie na mama ashuke bila wasiwasi, nimegeuka, nimewapa mgongo."

Jamani, nilichemka mimi badala ya injini! Bwege gani huyu? Si angesema tu imekufa, safari ivunjike, nibaki? Nikashuka nimenuna. Lori likasukumwa, tak! likaachia. Valerian akabonyeza stata, likanguruma.

Mama akamwuliza dereva, "Huyo aliye huko nyuma, alijua likipona linamchukulia mke?"

"Alijua, mama."

Magunia yakapakiwa. Walipolishika sanduku langu mama akasema, "Hilo liacheni chini. Mtu mkweli namna hii, kulima atafundishwa. Mwambieni kesho asubuhi awe shambani." Akapanda, akaenda zake bila mimi.

Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Vumbi halijatulia nikazunguka ua, nikamkuta kakaa juu ya tairi, anafuta mikono ambayo haikugusa kitu.

"Baba Melania, wewe huna akili! Mama angeniacha nipande tena, ungefanyaje?"

"Ningekufuata kwa miguu hadi Masumbwe," akasema. Akakohoa. "Lakini sanduku likishashushwa, kulipandisha tena ni kazi. Nilimpa mama nafasi ya kufikiri."

"Ulimpa nafasi vipi? Si gari ndilo lilitaka kusukumwa?"

Akatazama kando, mashavu yanamcheza.

"Stata ile ina ncha kwa nyuma. Unaizungusha kwa spana, inaachia. Valerian angemaliza kabla hujapiga chafya, na asingeshuka mtu."

Mama aliishi miaka mingine kumi na minane, akimsifu mkwe wake kila msiba na kila harusi, kwamba hajapata kuona mtu mkweli kama yule. Nami niko pale pale, mdomo nimeufunga.