Ukingo wa Mahameli

Mjukuu wangu, ipo Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo hainitoki moyoni, na kila nikiikumbuka, hata leo na mvi hizi zote, huinamisha uso. Juzi ulinionyesha ile skrini ya projekta unayojitengenezea sebuleni ili mtazame mpira, nami nikakwambia usiitundike kabla ya kuizungushia ukingo mweusi. Ulicheka. Ulisema wazee tunapenda urembo. Sikukujibu, kwa sababu jibu lake ni refu, na wewe ulikuwa umeshika nyundo. Leo umeketi, basi sikiliza.

Uhuru ulikuwa bado na harufu ya rangi mbichi. Nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Meru, na sisi vijana tuliojua kupiga taipu tulidhani hakuna jambo lililotupita. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili katika mtaa wa Majengo, mimi na Kendi, huyu unayemwita nyanya. Alikuwa mwembamba wakati huo, usimwambie nimesema. Nyumba ilikuwa na umeme, jambo la fahari kubwa kwa mtoto aliyesomea kibatari kule juu kwenye mashamba ya kahawa.

Mama yangu, Nkatha, alikuwa amekuja kukaa nasi kwa ajili ya matibabu ya macho. Yalikuwa yanafifia kutoka pembeni kuja katikati, kama mtu anayechungulia kupitia tundu la ufunguo. Daktari alitueleza wazi kwamba kilichopotea hakitarudi, na kilichobaki hajui kitakaa miezi mingapi. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akafunga leso yake, akaniambia kwa Kimeru, "Basi nimwone Kinya kwanza. Mengine Mungu atajua."

Kinya ni dada yangu mkubwa. Alikuwa ameenda ng'ambo kusomea uuguzi, akaolewa huko huko, na kwa miaka saba hatukuwa tumemtia machoni. Mtoto wake wa pili, msichana, alipewa jina la Mama. Nilimwandikia habari za macho. Hakuwa na uwezo wa kuja, lakini alituma kifurushi, na ndani yake mkanda mdogo wa filamu, umezungushwa kwenye kigurudumu kisichozidi kiganja. Barua ilisema: "Mwonyeshe Mama. Tumo sote humo."

Padri wa parokia yetu alikuwa na projekta ndogo ya mikanda ya namna hiyo. Aliniazima, lakini alikuwa anahamishwa kwenda upande wa Embu, na gari lake lilikuwa linaondoka Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo nilikuwa na siku mbili tu.

Sasa tazama ujinga wa kijana. Badala ya kufikiria macho ya mama yangu, nilifikiria wageni. Nilialika makarani wenzangu na wake zao. Nilipigilia fremu ya mbao za mukima, ule mti wa kivuli mashambani kwa kahawa, ndefu kama mlango uliolazwa. Nikachukua shuka nyeupe aliyopewa Kendi siku ya harusi, nikaivuta juu ya fremu kwa misumari midogo ya viatu. Ilikuwa na mikunjo, lakini nilijiambia mikunjo haionekani gizani.

Jirani yetu, Bi Rehema, alipita na ndoo yake ya maji akasimama kutazama. Alikuwa mjane, mshonaji, mtu wa Majengo tangu kuzaliwa. Marehemu mumewe aliwahi kuwashonea watu wa sinema ya kuzunguka mapazia yao, wale waliokuja na gari na kuonyesha picha uwanjani.

"Mwanangu," aliniambia, "pazia hilo halina mpaka. Litie ukingo mweusi pande zote nne, upana wa kiganja. Na picha usiikuze mno. Mashine hiyo ni ndogo, taa yake ni ndogo."

Nilimjibu kwa kicheko. "Mama, nyeusi ni ya msiba. Mimi leo nina sherehe."

Hakunibishia. Alisema tu, "Haya," akaenda na ndoo yake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika guu, mwanangu. Nilivunja kitu kingine.

Mchana ule tuliziba madirisha kwa mablanketi. Wageni wakajaa, wengine wamekaa kitandani. Mama nilimketisha mbele kabisa, amevaa sweta yake ya kanisani, mikono magotini. Niliisogeza projekta hadi ukutani nyuma ili picha iwe kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana Majengo. Ikawa kubwa kweli. Ilivuka shuka, ikamwagika juu ya ukuta uliopakwa chokaa, ikapanda hadi darini. Ukuta ulimeremeta, shuka ikameremeta, na katikati ya meremeto ule wote alikuwemo Kinya, amepauka kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Sisi wenye macho tulimtambua, tukapiga makofi. Kinya alipunga mkono. Kinya alitembea kwenye majani. Kinya alimwinua mtoto.

Mama aligeuza kichwa huku na huku. "Yuko wapi?" aliuliza. "Ninaona weupe tu."

"Hapo, Mama. Katikati."

"Katikati ya nini?"

Kuna mtu alicheka nyuma. Hakucheka kwa ubaya, lakini nilihisi damu ikinipanda. Niliona sherehe yangu inaharibika mbele ya watu wa ofisini. Basi nikasema, kwa sauti ambayo hadi leo naisikia, "Mama, angalia vizuri! Si kila mtu anaona? Ni wewe tu hutaki kuona!"

Ilibaki mashine tu ikikereza.

Mama aliuelekeza uso kwenye shuka. Halafu akasema kwa upole, "Sasa nimemwona. Ni yeye. Amependeza sana." Akapiga makofi pamoja na wengine, na wengine wakafurahi, nami, mwanangu, nikaamini. Mtu huamini upesi jambo linalomwondolea lawama.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kanisa, nilikuwa nje nikinyoa ndevu kwenye kioo kilichotundikwa dirishani. Ndani, Mama na Kendi walikuwa wakichambua maharagwe. Mama alichambua kwa vidole, bila kutazama. Nikamsikia akiuliza kwa sauti ya chini, "Kendi, hebu niambie. Yule mtoto alikuwa amevaa nini? Na Kinya amenenepa au bado ni yule yule?"

Kendi aliacha kuchambua. "Si ulimwona, Mama?"

"Sikumwona. Lakini usimwambie mume wako. Alikuwa amejitahidi sana."

Nilisimama na povu la sabuni usoni kama mtu aliyepigwa. Alikuwa amedanganya mbele ya watu ili mimi nisiaibike, mimi niliyekuwa nimetoka kumwaibisha. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona.

Nilifuta povu, nusu ya ndevu ikabaki, nikaenda kwa Bi Rehema. Nilimkuta kwenye cherehani. Nilimweleza yote, hata maneno niliyomwambia Mama, ingawa hayo nilitaka kuyaruka. Aliposikia, alitoa mguu kwenye kanyagio, akanigeukia.

"Mtu mzima akikwambia haoni," alisema, "unamwambia aangalie vizuri? Macho yake umempa wewe? Yeye amefanya kazi yake ya kutazama. Kazi ya kuonyesha ilikuwa yako."

Nilikaa chini mlangoni pake.

"Umekwisha kumwomba radhi?"

"Bado."

"Nenda ukamwombe sasa hivi. Mimi nitatafuta kitambaa. Usinitafutie rangi ya mafuta wala kitambaa cha kung'aa, maana hicho kitarudisha mwanga. Tunataka cha kuumeza."

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti penye maharagwe. Mama aliuliza kwanza kwa nini nimenyoa upande mmoja. Alikuwa ameushika uso wangu ili anibariki, akakutana na mabua ya ndevu. Akacheka hadi Kendi naye akacheka, na mimi nikalia, vyote kwa pamoja. "Simama," aliniambia, "chai inapoa." Hivyo ndivyo alivyonisamehe. Wala hakulitaja tena jambo lile maisha yake yote.

Bi Rehema alikuja na kitambaa cha mahameli nyeusi, kimekunjwa ndani ya gazeti. Nilipokigusa nilijua si cha kawaida. Kendi alimwuliza amekitoa wapi.

"Marehemu alininunulia nishone gauni la Idi. Halafu akafariki kabla ya Idi." Alisema hivyo huku akipima shuka kwa mkono.

"Basi hatuwezi kukikata, Bi Rehema," nilisema.

"Kimekaa kwenye sanduku miaka tisa, hakijamfurahisha mtu hata mmoja. Shika hapo, uvute."

Akakikata.

Kazi yenyewe ilichukua muda mrefu kuliko ibada, na siku hiyo kanisani hatukufika. Tuliing'oa shuka, Kendi akaipiga pasi ikiwa na unyevunyevu, tukaivuta upya kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni mpaka ikakazana kama ngozi ya ngoma. Nilikata fremu ikawa nusu ya ile ya kwanza. Bi Rehema alikata vipande vinne vya mahameli, akakunja kingo, akakata pembe mshazari ili zikutane bila kibonge, akashonea juu ya shuka kwa mkono, uzi mweusi, mishono midogo. Ukutani nyuma yake tulitundika blanketi la rangi ya kahawia ili ile chokaa isitusumbue. Kisha nikaisogeza projekta karibu, picha ikapungua, ikakolea. Kingo zake zilizopinda ziliangukia kwenye mahameli, zikamezwa, zisionekane tena.

Alasiri ile hatukualika mtu. Tulikuwa wanne tu. Bi Rehema alimketisha Mama mwenyewe, si mbele sana, bali pale ambapo picha nzima iliingia ndani ya lile tundu dogo la macho lililobaki.

"Nkatha," alimwambia, "unaona weusi?"

"Ninauona. Ni kama dirisha."

"Basi tazama ndani ya dirisha."

Nikawasha. Mwanangu, mama yangu aliinuka kutoka kitini.

"Kinya!" aliita. Aliita kama mtu anayemwita mwanawe atoke shambani mvua inapokuja. "Kinya! Umekonda! Hawakupi chakula huko?" Na Kinya, ambaye hakuwa na sauti, alicheka na kupunga mkono kama aliyesikia. Alipomwinua mtoto, Mama aliweka mikono yote miwili kichwani. "Huyu ndiye mimi? Tazameni masikio! Ni ya mzee wangu kabisa, maskini mtoto wa watu!"

Mkanda ule ulikuwa wa dakika nne hivi. Tuliurudia mara sita, hadi projekta ikapata moto na ikabidi tuipumzishe. Kila mara Mama aliona kitu kipya: kifungo kilichokatika, viatu vya mkwewe, mbwa aliyepita nyuma. Bi Rehema alikaa kando, mikono imefumbatwa, akitazama, nadhani, Mama zaidi ya picha. Nilipotaka kumshukuru aliniambia niende nikanyoe upande uliobaki.

Jumatatu niliirudisha mashine. Kabla ya mavuno yaliyofuata, macho ya Mama yalikuwa yamefunga kabisa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mgeni aliyefika nyumbani alisimuliwa ile filamu. Miaka ilivyopita filamu nayo ilizidi kuwa ndefu. Aliongeza ng'ombe wawili, akaongeza kanisa, mwishowe akaongeza na mazungumzo marefu kati yake na Kinya. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumsahihisha.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ndizo hizi. Skrini yako itie mahameli au kitambaa chochote cheusi kisichong'aa, upana wa kiganja, na ukivute kikaze. Picha isiwe kubwa kupita nguvu ya taa yako. Hayo ni ya mikono. Ya moyoni ni haya: mtu akikwambia haoni, au hasikii, au haelewi, usimlaumu, na hasa usimlaumu mbele ya watu. Jiulize kwanza wewe umeonyesha vipi, umesema vipi, umeeleza vipi. Wazazi wako watakuficha maumivu yao ili usione haya. Jifunze kuyasikia hata wanapopiga makofi. Na ukikosa, nenda ukaombe radhi siku hiyo hiyo, hata kama ndevu ni nusu, maana huruma ya mzazi iko karibu lakini siku zake zinahesabika. Kitu kizuri ulichokificha sandukuni, kikipata mtu wa kumfaa, kikate.

Mungu wa mlima huu na mabonde yake akupe macho ya kuwaona walio wako wakiwa bado wapo. Akupe ulimi mpole na mikono isiyo mizito kutoa. Nyumba yako isikose watu wa kukaa mbele ya skrini hiyo, na wakija, wapate wote pa kuketi na wote waone.

Haya, sasa lete nyundo. Nitashika upande huu.