Njia ya Ng'ombe Kati ya Mashamba Mawili

Juzi nilirudi Kulesa, nikaegesha gari langu mwenyewe karibu na dirisha la shule. Nakuambia ujue: mimi ndiye msichana wa kwanza wa kijiji hiki kupata diploma ya upimaji ardhi, na hakuna aliyenishika mkono. Ndani watoto walikuwa wakiimba Kiingereza kwa sauti moja: "The cup is between the plates." Nikasahau kushuka.

Sisi pia tuliimba hivyo. Mwalimu alivua viatu vyake, akaviweka mbalimbali sakafuni, chaki ikakaa katika nafasi iliyobaki. Alituambia between inataka vitu viwili, kimoja huku, kingine kule. Vikizidi na kuwa kundi, tafuta among. Wenzangu walichanganya. Mimi sikukosea hata mara moja. Lakini mfano uliompendeza mwalimu ulitoka kwa rafiki yangu wa dawati moja, binti wa mfugaji: "The malka is between the farms."

Malka ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni kunywa. Aliyoisema ilipita kati ya shamba la bibi yangu na la jirani, ua wa miiba pande zote mbili.

Mwaka huo mto ulifurika, na maji yalipopungua yakaacha malkani udongo mweusi, laini, wenye harufu ya kushibisha. Wafugaji walikuwa mbali, kwenye malisho ya mvua. Bibi hakuweza kuvumilia. "Udongo haulali bure," alisema, akapanda mahindi njiani humo. Kiangazi kilipokaribia akaziba mdomo wa njia kwa matawi ya miiba, akaniweka ndani na debe la kufukuzia nyani. Akaapa: hindi moja likiliwa, shule basi.

Kila siku baada ya masomo nilifungiwa mle. Miiba kushoto, miiba kulia, nyuma mto na mamba wake. Nilikula ndizi za kuchoma, mbu wakanila mimi.

Alasiri moja nikasikia kengele za mbao. Mfugaji, baba yake rafiki yangu, alisimama nje ya matawi wala hakuyagusa. Ng'ombe wake walikuwa hawajanywa siku mbili.

"Binti, fungua. Mimi nawazuia, lakini pua zao zimeshafika mtoni."

Nikamwambia bibi amekataza.

"Bibi yako namheshimu. Basi niambie wewe unayesoma na mwanangu: hapa ni shambani kwake?"

Nikatazama ua wa huku, kisha ua wa kule. Ndama mmoja akapiga magoti mavumbini. Nikayavuta matawi, nikajibanza kwenye ua, miiba ikiniingia mgongoni, kundi likapita. Mahindi yote yakalala.

Bibi hakunipiga. Nilimweleza kwamba pale hapakuwa petu, wala pa jirani. Akaokota hindi lililokanyagwa, akalipangusa. "Basi Kiingereza chako kikulishe."

Muhula mzima nilibaki nyumbani nikitwanga mpunga, kengele ya shule ikilia nisikie. Mfugaji alituletea kibuyu cha maziwa mara kwa mara. Bibi alisema maziwa hayaoti shambani, lakini aliyanywa. Muhula uliofuata nikakuta sare bibi ameishona, imekunjwa kitandani kwangu.

Sasa bibi hayupo, na rafiki yangu aliolewa Bangale. Safari hii nilikuja kikazi: mashamba yale mawili yanatafutiwa hati. Kwenye ramani yamegusana, mstari mmoja tu. Nilisimama pale na vifaa vyangu, ufuta umeota kuanzia ua hadi ua, nikamuuliza mwenye shamba la jirani ng'ombe hushukia wapi siku hizi.

"Hawaji tena, dada. Wewe weka jiwe."

Hakuna anayeijua kazi hii kunishinda, kutoka hapa hadi Garsen. Nililiweka jiwe la mpaka katikati ya malka, na lilisimama wima kabisa.