Gasketi Yenye Nafasi ya Mshono

Mtaani walimwita Sentimita, naye aliitika. Alikuwa mshonaji wa nguo. Cheti chake cha chuo cha ufundi kilining'inia ukutani juu ya cherehani, na kabla hajakipigilia msumari alikuwa amekipima kwa pimamaji, kisha akakipima tena. Nguo ya mteja haikutoka mlangoni pake mpaka aigeuze nje ndani na kuikagua kila mshono, kama mama anayemtafuta mwanawe chawa. Maneno yake yalikuwa haba. Aliamini kwamba kazi safi hujisemea yenyewe, na kwa upande wa nguo hakukosea.

Balaa lilianza pale alipoamini kwamba ufundi ni ufundi tu, na kwamba mwenye kujua sindano hashindwi na spana.

Marehemu baba yake alikuwa ameacha gari kuukuu, refu la kimo, la kupandia milima, ambalo familia nzima ililiita Babu. Babu alikohoa asubuhi, akanung'unika mchana, na akiegeshwa aliacha dimbwi dogo chini yake bila haya. Lakini ndiye peke yake aliyeweza kumfikisha Mama kwa dada yake. Mama Mkubwa aliishi juu kabisa ya kilima, mwisho wa barabara ya mawe ambayo gari dogo halikuthubutu kuigusa, na magoti ya Mama yalikwisha kukataa kupanda. Babu akifa, ndugu wale wawili wangebaki kusikilizana kwenye simu tu, kila mmoja akimpigia mwenzake kelele kwamba hamsikii.

Kaka yake mkubwa aliliona jambo hilo kwa jicho jingine.

"Hili si gari tena, mdogo wangu, ni sanduku la kelele," alisema. "Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Jumatatu. Nimeshaongea naye."

"Na Mama je?"

"Mama atakwama nalo njiani siku moja, tumvute kama gunia. Ndicho unachotaka?"

Sentimita, ambaye kwa kawaida hakujibizana na mtu, alijikuta akisema maneno ambayo baadaye aliyatazama kama mtu anayetazama nguo aliyoikata mgongo mbele. "Nitalitengeneza mwenyewe. Jumapili tutampeleka Mama. Likipanda bila kuvutwa, mwambie mtu wako asije."

Kaka alicheka, kisha akakubali. Kumkatalia kungemnyima burudani.

Ni haki kusema kwamba hii haikuwa mara yake ya kwanza kumtibu Babu. Aliwahi kumshonea vitambaa vya viti, vikakaa barabara kama soksi, ila vilifunika kabisa vifungio vya mikanda, ikawa kila abiria anachimba kwanza ndipo ajifunge. Safari nyingine aliona injini ni chafu, akaisugua kwa sabuni na brashi mpaka ikang'aa. Ilikataa kuwaka mpaka kesho yake jioni. Aliyachukulia matukio hayo kuwa mafunzo, na hakujiuliza ni nani aliyekuwa akifunzwa.

Safari hii ugonjwa ulikuwa dhahiri. Maji yalivuja kwenye mfuniko wa themostati, kile kimlango kidogo kinachofunguka injini ikipata joto ili maji yazunguke mpaka kwenye rejeta yapoe. Gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya vyuma viwili isivuje, ilikuwa imeoza. Akaenda nayo dukani, imefungwa ndani ya leso safi.

Muuza spea aliifungua leso, akatazama, akaikunja tena kwa heshima kama anayefunika maiti. "Dada, aliyetengeneza gasketi hii amezikwa nayo. Haipo. Chukua karatasi ya gasketi, ukate mwenyewe."

"Nikate?"

"Ukate. Mkasi unaujua?"

Sentimita nusura atabasamu. Katika kazi yote ile ya mafuta na kutu, hatimaye ilikuwa imefika sehemu aliyosomea.

Nyumbani alitandika shuka kuukuu uani, akapanga kila bolti mahali pake, akaulaza mfuniko juu ya karatasi na kuuchora kwa chaki iliyochongwa: duara la nje, tundu la katikati la kupitisha maji, na vitundu vya bolti. Kisha akashika mkasi. Mkono wake, ambao ulikuwa umekata magauni, mashati na sare zisizo na idadi, haukusubiri kuambiwa. Haukupita juu ya chaki. Ulipita pembeni yake kwa upana wa kidole, pale mshonaji yeyote mwenye akili anapoacha nafasi ya mshono. Kwa nje karatasi ilizidi. Kwa ndani tundu la maji likapungua; vitundu vya bolti alivitoboa tu kwa msumari.

Alipokaza bolti aliona karatasi imechomoza pande zote kama kola. Hakushtuka. Mwalimu wake wa chuo aliwaimbia kila siku: kilichozidi hupunguzwa, kilichopungua hakiongezwi. Akachukua wembe, akaupunguza ukingo wa nje mpaka ukalingana na chuma, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa upande kama anavyofanya bibi harusi akijaribu gauni. Hapakuwa na tone la maji. Aliliendesha gari kuzunguka mtaa, barabara tambarare, na mshale wa joto ukatulia katikati. Usiku huo alilala na kiburi kilichopigwa pasi.

Jumapili Mama alikaa mbele, kikapu mapajani. Kaka alikaa nyuma kama shahidi wa mahakama, baada ya kuhangaika kutafuta kifungio cha mkanda.

Kilima kilipoanza, mshale wa joto ulianza kupanda pamoja nao. Sentimita aliutazama, akautazama tena, akaona afadhali atazame barabara. Kwenye kona ya pili mvuke ukatoka kwenye boneti. Alizima injini papo hapo, akavuta breki ya mkono.

"Chai imeiva," alisema Kaka kutoka nyuma. "Mama, una vikombe?"

"Nyamaza wewe," alisema Mama, lakini mkono wake ulikuwa umekibana kikapu. Kutoka pale paa la Mama Mkubwa lilionekana. Halikuwa mbali kwa mwenye magoti.

Wakangoja injini ipoe. Kaka alishuka akazunguka gari, akapiga tairi teke dogo la kuagana. "Mdogo wangu, sikulaumu. Umejitahidi. Uzee hauna dawa. Nitampigia jamaa aje na gari la kuvuta, alichukue hapa hapa."

"Ngoja kidogo, Kaka."

Alifungua bolti, akainua mfuniko, akaibandua gasketi taratibu, kama anayefumua mshono wa hariri. Akaiinua juu, akaitazama dhidi ya anga. Tundu la katikati, ambalo lilipaswa kuwa pana kama mdomo wa chupa ya maziwa, lilikuwa na upana wa kitundu cha kifungo cha koti. Na kulizunguka, safi, sawasawa, bila hata wimbi moja, palikuwa na nafasi ya mshono.

Damu ilimpanda usoni. Hakuna aliyeona ila yeye. Angeweza kuikunja, kuitia mfukoni na kuuacha uzee ubebe lawama. Kaka alikuwa amekwisha kumpa samahani mkononi, tena bila kuombwa. Jina lake lingebaki safi. Gari ndilo lingekwenda kwenye chuma chakavu, na Mama angerudi kwenye simu.

"Kaka," alisema, na sauti ilitoka ndogo. "Usipige. Gari halina kosa. Nimeacha nafasi ya mshono."

"Umeacha nini?"

"Ya kushonea. Kwenye gasketi."

Kaka aliichukua karatasi ile, akaigeuza, akachungulia kwenye tundu kwa jicho moja. "Ulitaka kuishona na injini?"

"Sikutaka. Mkono."

"Mama! Mama, njoo uone! Mwanao kaipimia injini gauni!" Akaketi juu ya jiwe, akacheka mpaka akashika mbavu. "Afadhali hukuitilia na kamba ya kiunoni!"

Mama alicheka pia, kwanza kwa kujificha kwenye mtandio, kisha waziwazi. Sentimita alisimama katikati ya kicheko kile, masikio yakimwaka, akatoa mkasi mkobani. Alikata juu ya chaki yenyewe, kwa taabu, kwani mkono ulikuwa bado unataka kwenda pembeni, naye alilazimika kuunong'oneza, "Hapana. Hapana. Hapo hapo." Akafunga, akajaza maji kutoka kwenye dumu, akawasha.

Babu alikohoa, akapanda. Mshale ukakaa katikati mpaka juu. Kaka, bado akifuta machozi, alitoa simu. "Ndugu, usije Jumatatu," alimwambia mnunuzi wake. "Gari ni zima. Mgonjwa ni dereva."

Mama Mkubwa alikuwa mlangoni. Hakuuliza walichelewa wapi. Alimshika dada yake mkono, na kabla hawajafika kwenye viti walikuwa wanazungumza kwa pamoja juu ya jirani fulani na mbuzi wake, kana kwamba mazungumzo hayo yalikuwa yamekatika jana tu.

Sentimita alisimama kizingitini, akingoja nafasi ya kueleza kuhusu themostati. Hakuipata. Mama Mkubwa alimtupia jicho moja tu, viganjani.

"Mwanangu, usiguse kitu humu. Maji yako nyuma ya nyumba, na sabuni ipo."