Dakika kumi na moja uwanjani Bugene

Leo nimeishiwa pumzi mbele ya kina mama ishirini na wawili, na mke wangu alikuwemo.

Mnajua nanyanyua kilo themanini. Peke yangu, nyuma ya nyumba, kwa vyuma nilivyojitengenezea kwa saruji na makopo ya rangi. Miaka sita sasa!

Ndiyo maana nilimwambia mke wangu kikundi chao cha mazoezi ya asubuhi ni kurukaruka tu, aache.

Akasema, "Baba Aneth, ukimaliza dakika arobaini na sisi, naacha."

Nikaenda. Kuruka, kulala kifudifudi, kuinuka, kukimbia. Hakuna kupumzika.

Dakika ya kumi na moja nilikuwa chini kwenye nyasi, uji wa asubuhi umerudi wote.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, akaniinamia. Ndipo nikakumbuka niliingia na majivuno yangu bila kumsalimia mtu.

"Shikamoo, mama," nikasema hapo hapo nilipolala.

"Marahaba. Kumbe salamu unaijua!"

Walicheka huku wanaendelea kuruka. Hilo limeniuma zaidi.

Mke wangu akaleta maji. "Kesho nije au nisije?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba aje.

Wenzangu wa vyuma, fikisheni kwanza dakika ya kumi na mbili, ndipo mnicheke hapo chini.